Siku ya majibu: mtu akishatajiwa ugonjwa, nani anabaki naye? (Watu wa Kigoma na Tabora, karibuni)

MtuwaKatubuka

Wakuu, habari za muda huu. Wazee, shikamooni.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kigoma mjini, wale mnaotuona tunapita nyumba kwa nyumba na mkoba begani. Wengi hudhani kazi yetu ni vyandarua na kadi za kliniki za watoto. Muda mwingi tunakaa na watu waliotoka kuchukua majibu hospitali, na huko ndiko ninakoona jambo linaloniuma hadi nimefungua uzi huu.

Kwa tunavyoishi huku, ugonjwa mmoja tu ndio wenye chumba cha mazungumzo. Ukienda kupima VVU unakalishwa kabla ya kipimo. Unaulizwa unajua nini, majibu yakiwa hivi utafanyaje, utamwambia nani. Yakitoka unakalishwa tena na mlango unafungwa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeyaandika hayo: ushauri nasaha kabla na baada, na majibu ni siri ya aliyepimwa. Hayo hayakuja bure. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo kutajiwa virusi kulikuwa sawa na kusomewa hukumu. Watu walifukuzwa majumbani, wengine walipotea moja kwa moja wasionekane tena kliniki. Ikabidi ijengwe namna ya kumpokea mtu. Dawa za bure zilipoanza kutolewa 2004, na 2016 ilipoamuliwa kila anayekutwa na virusi aanze dawa bila kusubiri kinga ishuke, ile namna ya kumpokea mtu ilikuwa ipo tayari.

Sasa mchukue mama aliyekutwa na sukari, au baba wa presha, au dada wa saratani ya mlango wa kizazi. Hawa wanatajiwa ugonjwa wakiwa wamesimama, mlango uko wazi, anayefuata ameshaingiza kichwa.

Yupo mama mmoja muuza mawese sokoni. Nilifika kwake akiwa ametoka kupewa majibu ya sukari siku chache nyuma. Karatasi alikuwa ameifunga kwenye pindo la kanga, akaifungua na kunipa bila kusema neno. Nikamuuliza, mama, daktari alikwambia nini? Akajibu, "Kaniambia ni ya maisha." Basi. Hilo ndilo alilolisikia. Kuhusu miguu, macho, mlo, tarehe ya kurudi, hakuna alichokishika. Ugali kaacha, wali kaacha, dagaa kaacha, anakunywa uji mweupe kwa sababu jirani kamwambia sukari inataka uji. Bahasha ya dawa ilikuwa imeandikwa "1×2" kwa kalamu, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Yeye aliielewa kuwa vidonge viwili kwa mkupuo mmoja, tumbo likamchafuka, akaviweka juu ya kabati asiviguse tena. Mtu wa hivyo akirudi hospitali na sukari iliyopanda, ataandikiwa kuwa hafuati masharti.

Watafiti wa mawasiliano ya kitabibu walishaonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 80 ya yale mgonjwa anayoambiwa na daktari husahaulika papo hapo. Hofu ikiwa kubwa, mtu hushika lile neno zito tu na yanayofuata yanapita. Kwa hiyo mama yule akili yake haina kasoro. Aliambiwa mengi katika dakika ambayo masikio yalikuwa yamekwisha kuziba.

Na jina la ugonjwa lenyewe, hata bila dawa, linambadilisha mtu. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti wa Kanada juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma. Walipimwa, wengine wakaambiwa wana presha ambayo hawakuijua. Utoro wa kazini kwa sababu ya ugonjwa ukapanda kwa asilimia 80 kwa hao walioambiwa. Haukutegemea kama wamepewa dawa au la, wala presha imeshuka kiasi gani. Kilichobadilika ni kwamba sasa walijijua kuwa ni wagonjwa. Naliona hilo Kibirizi, kwa wavuvi wa hapa Kigoma. Mwanaume mwenye nguvu zake anapimwa kwenye hema la maonyesho, mashine inasoma 150/95, anaambiwa "una presha, punguza kazi". Harudi kupimwa mara nyingine, na presha ya kiwango hicho kwa kawaida haithibitishwi kwa kipimo kimoja. Yeye anaacha kuvuta nyavu, anaacha kubeba, anakaa nyumbani akisikiliza moyo wake unavyodunda. Mkewe anachukua mzigo wote.

Halafu kuna utafiti wa Sweden, uliochapishwa 2012. Walifuatilia taarifa za watu zaidi ya milioni 6. Katika wiki ya kwanza baada ya mtu kuambiwa ana saratani, uwezekano wa kufa kwa ugonjwa wa moyo ulikuwa zaidi ya mara 5 ukilinganisha na wasio na saratani, na uwezekano wa kujitoa uhai zaidi ya mara 12. Ndani ya wiki moja uvimbe wenyewe haujafanya kitu kipya mwilini. Kilichoingia ni habari.

Ndiyo maana nasema wiki ile ya kwanza mtu asiachwe peke yake. Na swali langu kwenu ni hili: majibu yakiwa mazito, nani aambiwe kwanza, mgonjwa au ndugu? Huku kwetu huitwa kaka mkubwa pembeni. Mimi nasema aambiwe mwenye mwili. Tuongee.

---

Mzee wa Gungu

Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri, ila hapo mwisho sikubaliani nawe.

Mdogo wangu alikutwa na saratani ya koo la chakula. Chakula kilikuwa hakipiti, mwishoni hata uji unarudi. Daktari alituita sisi kaka zake pembeni akatueleza. Tulikaa kikao, tukaamua asiambiwe. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Aliishi nasi akicheka na watoto, akisikiliza mpira redioni, akaondoka bila kulia hata siku moja. Tungemwambia angekufa siku ile ile. Nyinyi vijana mnaijua haki, sisi tunawajua ndugu zetu. Mwenye hofu hali wala halali.

Na huo utafiti wa Sweden, mwanangu, mbona unaniunga mkono mimi? Kama neno linaua, kwa nini ulitamke?

---

Mama Sikonge

Mimi niko Tabora. Naomba niongee upande ambao hamjaugusa, wa mtoto.

Mwanangu wa kwanza alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka. Analia usiku kucha, ukimgusa anapiga kelele. Macho ya njano, damu inaisha, tunaongezewa, tunarudi nyumbani, inaanza upya. Kwa upande wa baba yake ikasemwa kuna mkono wa mtu. Tulizungushwa kwa waganga hadi mbuzi wakaisha. Mimi nikawa natazamwa kwa jicho baya, kwamba nimekuja na mambo ya kwetu.

Siku tuliyopewa majibu kuwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu ambao pia huitwa selimundu, wenzangu, mimi nililia kwa furaha. Nisameheni kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimepewa jina la kitu. Mtoto hajarogwa, mimi si mchawi, jambo linajulikana na lina kliniki yake. Nilikuja kujua baadaye kuwa Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kumbe tuko wengi hivyo, na mimi nilikuwa najiona peke yangu duniani.

Furaha ile iliishia mlangoni. Mume wangu alichosikia ni kwamba ugonjwa ni wa kurithi, akanigeukia: "Kwetu hakuna ugonjwa huu." Hakuna aliyetuketisha wote wawili akatuchorea. Mtoto hawezi kupata sikoseli kamili kwa mama peke yake. Lazima achukue kinasaba kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, na mwenye kimoja tu kwa kawaida hasikii lolote maisha yake yote. Wakiwa wote wanacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Kila mimba, si kwamba ukishapata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamepona. Hayo nilielezwa na muuguzi mmoja wa kliniki, mume hakuwepo. Nikaja kumweleza mimi, na mimi ndiye mshtakiwa. Ataniamini?

Ndoa ilikaa pabaya muda mrefu. Ilipona siku alipokubali naye kupima damu. Hakusema neno, alikuja na karatasi akaiweka mezani, tangu siku hiyo vidonge vya folic vya kusaidia damu ya mtoto anampa yeye mwenyewe kila asubuhi. Sasa tunahudhuria, mtoto yuko kwenye haidroksiyurea, dawa ya sikoseli, maumivu yamepungua, shule anakwenda.

Ninachoomba, kama ni ugonjwa wa kurithi, waiteni wazazi wote wawili siku hiyo hiyo. Msimpe mwanamke peke yake habari ambayo itamvunjia nyumba.

---

Nesi wa zamu

Nimewasoma wote. Mama Sikonge, hongera kwa kusimama.

Mimi ni muuguzi, niko mkoa huu huu wa Tabora, sitataja kituo. Naomba na sisi mtusikie. Asubuhi benchi limejaa hadi nje ya jengo, wengine wametoka vijijini saa kumi usiku. Daktari akimkalisha mmoja nusu saa, wa mwisho anaondoka bila kuonwa. Si kwamba hatuna huruma. Na wengi wetu hatukufundishwa vya kutosha namna ya kutoa habari mbaya. Tulifundishwa ugonjwa.

Hata hivyo yapo yasiyohitaji nusu saa. Ninapomaliza kumweleza mgonjwa, simuulizi "umeelewa?", maana atasema ndiyo kwa heshima. Namwambia, "Mama, ukifika nyumbani na mzee akikuuliza, utamwambiaje?" Akianza kunieleza ndipo naona kilichoingia na kilichopotea. Mwandiko wa "1×2" tumeuzoea sisi, mgonjwa hana sababu ya kuujua. Andika "kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula". Sekunde chache tu.

La pili, swali la kwanza mgonjwa analouliza akitajiwa ugonjwa mkubwa mara nyingi silo "nitapona?" Anauliza "itagharimu shilingi ngapi?" Ukimwambia mtu wa kijijini kwamba anatakiwa hospitali ya Bugando kule Mwanza, au ile ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam, yeye anasikia nauli, anasikia kulala kwa nani, nani atabaki na watoto. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Wapo wanaotoka na karatasi ya rufaa na hawaendi, na si kwamba wameudharau ugonjwa. Wanarudi nyumbani kusubiri. Wengine wana saratani ya mlango wa kizazi iliyogundulika mapema, ambayo inatibika kabisa. Kwa hiyo mkieleza ugonjwa elezeni na njia: afike wapi, amuone nani, ustawi wa jamii wa hospitali wako chumba gani. Hofu nyingi ni ya safari.

---

MtuwaKatubuka

Nesi, ahsante sana. Hilo la "utamwambiaje mzee" naanza nalo kesho.

Mzee wangu wa Gungu, pole kwa kuondokewa na mdogo wako. Umenishika penyewe kwenye Sweden, na nitajibu hapo hapo. Utafiti ule unaonyesha kuwa habari ni pigo. Hausemi kwamba anayefichwa anabaki salama, maana waliofichwa hawakupimwa humo. Mimi ninachokichukua ni kwamba anayepigwa na habari ile ashikwe, alale na mtu chumba kimoja, ale na mtu, aulizwe usiku kama amepata usingizi.

Halafu mzee, mgonjwa anajua. Anauona mwili wake unavyokwisha. Anaona ndugu wa Dar wamekuja bila kuwa na sherehe. Anaona mkinyamaza akiingia. Ujiji nilikaa na mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Wanaume wa ukoo walikuwa wameamua mgonjwa asijue. Mama akaniambia kwamba usiku mmoja mume alimshika mkono akasema, "Mimi najua ninachoumwa. Ila usiwaambie kaka zangu kwamba najua, watavunjika moyo." Nyumba nzima inafichana. Mgonjwa anawalinda wao, wao wanamlinda yeye, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia mwenzake neno la kweli.

Na kuna mambo ambayo aliyefichwa hawezi kuyafanya. Yule baba alikuwa na mtumbwi na injini aliyochukua kwa mkopo, na shamba la michikichi lisilo na maandishi. Hakuandika wasia kwa sababu rasmi alikuwa na vidonda vya tumbo. Sisi watu wa Ujiji tunajua wasia ni jambo zito kwenye dini. Mkristo naye angetaka kumwita padri au mchungaji, kupatana na aliyegombana naye. Mjane hadi leo yuko kwenye mabaraza na wadeni.

Sisemi mtu abandikwe ukweli usoni. Nasema aulizwe mapema, kabla majibu hayajatoka: "Yakitoka, ungependa uambiwe wewe? Uambiwe na nani akiwa karibu?" Akisema mwambieni mwanangu, mimi sitaki kusikia, hiyo ni amri yake na iheshimiwe. Kinachoniuma ni kuamuliwa bila kuulizwa.

---

Boti ya Kibirizi

Naongea kama mvuvi na kama mtu wa CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, sioni haya.

Sisi dagaa tunavua usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka tunapumzika, ndizo siku tunakuja mjini, ndizo siku nilipima. Nilijua nimekwisha. Yule mshauri hakunipa hotuba. Alikaa kimya hadi nilipoanza kuongea mwenyewe. Kisha akaniuliza unavua wapi, unarudi lini, simu yako inashika mtandao huko? Tukapanga dawa za kunitosha hadi mwezi mwingine utakapowaka. Mambo yale madogo ndiyo yaliyonirudisha duniani, maana mtu anayepangiwa mwezi ujao anaona kumbe mwezi ujao upo.

Sasa virusi havionekani kwenye kipimo, na nilielezwa kuwa nikibaki hivyo simwambukizi mke wangu kwa tendo la ndoa. Ila mkwe wangu aliyekutwa na kisukari alipewa vidonge na karatasi tu, hana wa kumpigia. Mtoa mada amesema kweli. Hicho chumba kifunguliwe kwa wote.

---

Mzee wa Gungu

Mwanangu, nimekusoma. Sitasema tulikosea, maana mdogo wangu alikufa mikononi mwetu na tulimpenda. Lakini hilo la kumuuliza mgonjwa mapema, kabla ya majibu, sikuwahi kulisikia. Hilo nalikubali. Angeulizwa, ningejua alitaka nini.

---

Binti wa Kanyenye

Samahani wakubwa, shikamooni. Nina jambo la leo leo. Mume wangu juzi kaambiwa ana TB, kaanzishwa dawa. Mama mkwe kamtengea sahani, kikombe, hata kiti. Mtoto wetu ana miaka mitatu kapelekwa kwa shangazi. Mume kanyamaza tu, hali. Na jana kaniita chooni kwa hofu, mkojo umekuwa mwekundu kama rangi ya chungwa, anasema figo zimekufa, hataki tena kumeza. Nifanyeje?

---

Nesi wa zamu

Marahaba mdogo wangu. Asiache dawa. Rangi hiyo inatokana na rifampisini, moja ya dawa za TB. Inapaka mkojo, jasho, hata machozi, na haina madhara kwa figo. Alipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Mwonyeshe ujumbe huu sasa hivi. Ila macho yake yakiwa ya njano, au akitapika sana, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

TB inapita kwenye hewa mtu anapokohoa. Haipiti kwenye sahani wala kikombe. Rudisheni vyombo, ale mezani pamoja nanyi. Fungueni madirisha mchana na usiku, azibe mdomo akikohoa, kwa wiki hizi za mwanzo alale chumba chenye hewa. Akimeza dawa vizuri, uwezo wa kuambukiza hushuka haraka, lakini matibabu ni miezi sita kamili hata akijisikia mzima. Dawa ni bure.

Mtoto wa miaka mitatu msimpeleke kwa shangazi mkadhani mmemaliza. Mrudisheni apelekwe kliniki ya TB apimwe, na akikutwa hana ugonjwa atapewa dawa za kinga, maana watoto chini ya miaka mitano wanadhurika haraka. Na wewe upimwe, na mama mkwe. Nendeni wote watatu pamoja naye, mumeo asiende peke yake. Mama mkwe akiyasikia kwa mhudumu mwenyewe atatulia.

---

Binti wa Kanyenye

Ahsante dada. Nimemsomea. Kameza. Kesho asubuhi tunaenda, mama mkwe kasema naye anakuja.